Ahadi za Nyumba Iliyounganishwa

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ni wakili mjini Dar es Salaam. Pasaka ya mwaka jana alikuja kunijulia hali, na baada ya chakula, wenzake walipokuwa wamejinyoosha mikekani, alivuta kiti karibu na changu akaniuliza swali ambalo sijalimaliza hadi leo.

"Mjomba," alisema, "hivi watu wakiungana, wanaungana na ahadi zao, au wanaungana na mali zao tu?"

Nilimwambia afafanue, maana swali la namna hiyo halitoki hewani. Akaeleza. Ofisi yao ni ya mawakili wanne, iliyoanzishwa na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Ofisi nyingine kubwa, yenye matawi katika nchi kadhaa, imewaendea na kuwaomba waungane. Mambo karibu yote yamekwisha kupatana: jina, pango, mishahara, hata rangi ya kuta. Limebaki moja. Kwa miaka kumi na minane ofisi yao imekuwa ikikitetea chama kimoja cha ushirika cha wakulima wadogo katika madai ya ardhi. Anayedaiwa ni kampuni, na kampuni hiyo ni mteja wa siku nyingi wa ile ofisi kubwa katika nchi nyingine. Basi wameambiwa, kwa lugha ya adabu sana, kwamba kabla ya kutia sahihi ingefaa wale wakulima "waachiliwe".

"Wakulima wenyewe wanalipaje?" nikauliza.

"Kwa shida, Mjomba. Mwaka mwingine wanaleta mchele."

Sikumpa jibu siku ile. Nilimwambia aniachie nifikiri, akacheka, kwa kuwa ananijua. Mtu aliyefundisha walimu miaka mingi huomba muda hata akiulizwa saa. Lakini safari hii sikuwa nakwepa. Swali lake lilinigusa mahali ambapo yeye hakupajua, nami nitapaeleza mbele kidogo. Kwanza nilitaka kujua mambo haya ya mawakili kuungana yalianzaje, kwa kuwa katika ujana wangu wakili alikuwa mtu mmoja mwenye chumba kimoja, karani mmoja na taipureta, na jina lake limeandikwa kwenye kibao mlangoni. Ukitaka kujua kama wakili wako ni mwaminifu ulimtazama usoni.

Mpwa wangu aliniletea makaratasi, na kijana mmoja jirani akanisaidia kutafuta mengine. Nimesoma kwa miezi kadhaa. Nitasimulia machache, maana historia yenyewe ni ndefu na sehemu kubwa yake ni orodha ya majina ya watu waliokwisha kufa.

Huko Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilichukuliwa, hapo zamani ubia haukuruhusiwa kukua. Sheria ya makampuni ya mwaka 1862 ilikataza watu zaidi ya 20 kufanya biashara kwa ubia bila kujiandikisha kuwa kampuni. Mawakili nao walifungwa na kamba hiyo hiyo. Nyumba ya mawakili ya London hata iwe tajiri vipi, wabia wake walikuwa 20, basi. Kikomo hicho kiliondolewa kwa mawakili na wahasibu na sheria ya mwaka 1967. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilifikiri juu ya ile namba. Watu 20 wanaweza kukaa katika chumba kimoja na kila mmoja akamjua mwenzake, akajua mkewe ni mgonjwa, akajua anakunywa au hanywi. Sidhani kwamba waliotunga sheria walikuwa wakifikiria uadilifu. Walikuwa wanaogopa utapeli wa makundi makubwa yasiyojulikana ni nani na nani. Lakini huenda mambo hayo mawili hayako mbali.

Kamba ilipokatwa, ng'ombe hakukimbia mara moja. Msukumo mkubwa ulikuja Oktoba 1986, soko la hisa la London lilipofunguliwa na masharti ya zamani kuondolewa, mabenki ya kigeni yakaingia kwa wingi. Mabenki hayo yalitaka mawakili wengi kwa wakati mmoja, usiku na mchana, watakaoandika mkataba wa kurasa mia tano kwa siku tatu. Ofisi ya watu 20 haiwezi. Basi mwaka 1987 nyumba mbili za London, Clifford-Turner na Coward Chance, ziliungana. Ya kwanza ilianza mwaka 1900, ya pili ilikuwa na mizizi tangu 1802. Wakajiita Clifford Chance. Utaona kwamba kila upande ulitoa nusu ya jina lake, na upande wa pili ukatoa neno Coward, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mwoga. Naamini hakuna aliyelilia.

Miaka kumi na mitatu baadaye, Januari 2000, nyumba hiyo iliungana tena, safari hii na Rogers & Wells ya New York na nyumba moja ya Kijerumani, Pünder, zote kwa wakati mmoja, ikawa kubwa kupita karibu zote duniani. Hapa pana jambo dogo ambalo mwalimu hawezi kuliruka. Waingereza waligawana faida kwa miaka ya utumishi: aliyekaa zaidi alipata zaidi, na waliolingana miaka walilingana mgawo, hata kama mwaka huu mmoja aliingiza fedha nyingi na mwenzake akauguza mtoto. Wamarekani wale waligawana kwa kutazama nani ameleta biashara kubwa. Hizi si njia mbili za kupiga hesabu tu. Ni majibu mawili tofauti ya swali kwamba mwenzangu ni nani kwangu. Unaweza kuunganisha masanduku ya fedha kwa siku moja, lakini majibu hayo huyaunganishi kwa sahihi. Mwaka 2002 mawakili vijana wa New York waliandika waraka kwa wakubwa wao, ukavuja magazetini, wakilalamikia kigezo cha saa 2,420 kwa mwaka za kazi inayotozwa wateja. Nilipiga hesabu: hata ukipumzika wiki mbili tu kwa mwaka ni saa 48 na zaidi kila wiki, bila kuhesabu chai, safari, wala kusoma. Vijana walisema waziwazi kwamba kigezo kama hicho kinaweza kumshawishi mtu aandike saa ambazo hakufanya kazi. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Ni kama wanachuo wangu wangeniandikia kwamba, Mkuu, ratiba uliyotupa inatufundisha kudanganya.

Kuna nyumba nyingine ambayo imekua kwa kuungana kuliko zote. Mwaka 2010 nyumba ya Chicago iliyoanza mwaka 1906, Sonnenschein Nath & Rosenthal, iliungana na Denton Wilde Sapte ya London, ambayo yenyewe ilikuwa imezaliwa na muungano mwaka 2000. Mwaka 2013 wakaungana na Salans ya Paris na Fraser Milner Casgrain ya Kanada, jina likafupishwa likawa Dentons. Mwaka 2015 wakaungana na Dacheng ya China, hesabu ya mawakili ikapita elfu sita, mawakili wengi kuliko nyumba yoyote nyingine duniani. Na upepo huo umefika hata kwetu Afrika Mashariki. Pale Nairobi kuna ofisi ya mawakili iliyoanza mwaka 1902, miaka mitatu tu baada ya reli kufika na mji wenyewe ukiwa mahema na mabati. Ofisi hiyo, Hamilton Harrison & Mathews, leo imetanguliza neno Dentons mbele ya jina lake. Mwaka 2023 Wachina walijitenga, kwa sababu ya masharti mapya ya serikali yao kuhusu taarifa na kumbukumbu. Kwa hiyo nyumba ilipungua kwa maelfu ya watu, na bado ni ile ile. Au si ile ile? Sisi Watanzania neno muungano tumekua nalo tangu 1964, na mwaka 1977 tuliona vyama viwili vikivunjwa ili kizaliwe kimoja, kwa hiyo maswali ya kwamba kipi kimebaki na kipi kimekwenda si mageni kwetu. Sitaingia huko.

Nataka kurudi kwenye swali la mpwa wangu. Viwanda viwili vya sabuni vikiungana, vinaunganisha mitambo, maghala na malori. Mteja ataendelea kununua sabuni, na sabuni haijui siri yake. Wakili hana mtambo. Alicho nacho ni vitu viwili: elimu yake, na kwamba watu wamemwambia mambo ambayo hawakumwambia mtu mwingine. Mteja akimweleza wakili kwamba hati yake ina kasoro, au kwamba watoto wake hawajui juu ya shamba la pili, anayaweka maneno hayo ndani ya mtu mmoja. Sasa mtu huyo akiwa sehemu ya nyumba ya watu elfu sita, maneno yale yamewekwa wapi? Na akitokea mmoja katika hao elfu sita anayemtumikia adui wa mteja wangu, mimi niliyeko huku nimekuwa nani?

Jambo hili limefika mahakamani zaidi ya mara moja, na kesi mbili zimenifundisha mengi kuliko vitabu vya falsafa nilivyokuwa nikivisomesha.

Ya kwanza ni ya mwaka 1987, mwaka ule ule wa muungano wa London, lakini hii ni Marekani, katika jimbo la Ohio. Nyumba kubwa ya Jones Day, iliyoanza Cleveland mwaka 1893, ilikuwa inataka kuungana na ofisi ndogo ya mawakili wa hataza huko Chicago. Jones Day walikuwa wakiitetea kampuni ya Picker. Ofisi ndogo ilikuwa na mteja wake wa siku nyingi, kampuni ya Varian. Picker alikuwa akimshtaki Varian. Wakamwomba Varian akubali, akakataa. Basi wakajaribu kumwachilia Varian kwa barua, ili muungano upite na Picker abaki. Jaji alikataa. Alisema ofisi ya mawakili haiwezi kumtupa mteja kama mtu atupavyo kiazi cha moto kilichomwunguza mkono, hasa kama sababu ni kumfurahisha mteja mwingine mwenye fedha zaidi. Mahakama ya juu ikakubaliana naye mwaka 1989, na tangu hapo wanasheria wa Marekani wanaiita kanuni ya kiazi cha moto.

Kinachonivutia ni sababu ya jaji kuliko kiazi chenyewe. Mawakili walisema kwamba wakishamwachilia, Varian si mteja tena bali ni mteja wa zamani, na masharti juu ya wateja wa zamani ni mepesi zaidi. Kwa maandishi walikuwa sawa. Lakini jaji aliona kwamba aliyemgeuza mteja kuwa wa zamani ni wao wenyewe, na walifanya hivyo ili wapate ruhusa ya kumtendea kama wa zamani. Ni kama mtu anayemwacha mkewe asubuhi ili jioni aweze kusema hakuzini.

Kesi ya pili inawahusu hao Dentons, na inahusu suruali za jeans. Kampuni ndogo ya Ohio iitwayo RevoLaze ilikuwa na hataza za kuchoma kitambaa cha jeans kwa mwali wa leza ili suruali mpya ionekane imechakaa. Kwetu sisi suruali huchakaa yenyewe bila msaada, lakini wenzetu hulipa zaidi wakiikuta imechakaa dukani. Mwaka 2014 RevoLaze walifungua madai mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani dhidi ya makampuni kadhaa ya nguo, mojawapo ikiwa Gap, na mawakili wao walikuwa Dentons wa Marekani. Kumbe Dentons wa Kanada walikuwa wakiifanyia Gap kazi nyingine. Gap wakalalamika kwamba mawakili wao ndio hao hao wanaowashambulia.

Dentons walijibu kwamba sivyo. Nyumba yao imeundwa kwa mtindo wa sheria ya Uswisi unaoitwa Verein, yaani aina ya chama ambamo kila mwanachama ana mfuko wake, deni lake na majalada yake, na wanachopamoja ni jina na utaratibu wa juu. Hawako peke yao. Nyumba nyingine kadhaa kubwa zimejengwa hivyo. Kwa hiyo, walisema, Dentons wa Kanada na Dentons wa Marekani ni watu wawili. Mwezi Mei 2015 jaji wa Tume alikataa. Mnajitangaza kwa ulimwengu kuwa nyumba moja, ndiyo hoja iliyowashinda, basi mtahesabiwa moja. Waliondolewa katika kesi. RevoLaze, walioachwa katikati ya safari, waliwashtaki mawakili wao wenyewe, na mwaka 2020 baraza la wazee wa mahakama huko Cleveland liliwapa fidia ya dola milioni 32 na zaidi. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikaithibitisha.

Nilipoifunga karatasi hiyo nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe. Si kwa ajili ya Dentons. Wale ni watu wa mbali, na katika kusoma kwangu nimejaribu kuwatendea haki: mtu anayeendesha mambo katika nchi themanini pengine hana njia rahisi ya kujua nani anamtumikia nani, na Verein si njama, ni namna ya watu wenye sheria tofauti kukaa pamoja. Nilikaa chini ya mwembe kwa ajili yangu.

Mwaka 1994 chuo cha ualimu nilichokuwa nikikiongoza kiliunganishwa na chuo kingine kidogo. Ilikuwa miaka ya kubana matumizi. Barua ilikuja kutoka juu, tukapewa miezi mitatu. Wanachuo wa kule waliletwa kwetu, na wakufunzi baadhi yao, na vitu vyote vilivyobebeka: vitabu, sufuria za jikoni, mashine ya kurudufu, kengele. Na vitanda. Vitanda vile vilikuwa 64, vya mninga, kazi safi ambayo huioni siku hizi, na alivitengeneza fundi seremala wa chuo kile kwa mkono wake katika muda wa miaka miwili. Vitanda vyetu vilikuwa vya chuma na nusu yake vimevunjika. Wanachuo wetu waligombea vya mninga.

Mzee yule seremala naye alikuja, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi. Akanijia ofisini wiki ya pili, kofia mkononi. Mkuu wa chuo kile, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, alimwahidi kwamba kwa kazi ile ya vitanda, aliyoifanya jioni na Jumamosi bila malipo ya ziada, atakaa katika nyumba ya watumishi mpaka mtoto wake wa mwisho amalize darasa la saba. Mtoto alikuwa darasa la nne. Hapakuwa na barua. Palikuwa na neno, na mbele ya mtunza stoo.

Mimi nilikuwa na wakufunzi watano wapya na nyumba tatu. Nilimsikiliza Mzee, nikamwambia kwa upole, na nakumbuka upole wenyewe kwa sababu ndio unaonikera, kwamba ahadi ile ilitolewa na chuo kile, na chuo kile hakipo tena; hapa ni chuo kingine chenye taratibu zake.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mkuu, vile vitanda je?"

"Vitanda vipi, Mzee?"

"Vile vya kule. Navyo havipo?"

Nikamwambia kwamba vitanda ni mali ya serikali. Ilikuwa kweli. Akasema ahsante, akatoka. Mwisho wa mwezi alihama na familia yake kwenda kupanga chumba mjini, na baada ya muda aliomba kustaafu mapema, nikapitisha ombi lake kwa sahihi yangu. Ijumaa iliyofuata, mstarini, niliwahutubia wanachuo wote. Niliwaambia kwamba hatutaki kusikia habari za "kule" na "huku", kwamba sisi sasa ni chuo kimoja, familia moja. Walipiga makofi.

Basi Dentons walinipata pale. Tulikuwa mmoja katika hotuba na katika leja ya vifaa, tukawa wawili alipokuja mtu kudai. Sikuwa na wakili wala Verein. Nilihitaji dakika tano tu, nikajenga ukuta kati ya chuo na chuo ndani ya ofisi moja, na nilipomaliza kuutumia nikaubomoa.

Nimejaribu kujitetea, na ni haki utetezi nao usikike. Hoja ya kwanza ni kwamba kila ahadi ikirithiwa hapana atakayethubutu kuungana na mwenziwe. Hakuna ajuaye wazee waliokwisha kuondoka waliahidi nini chini ya miti gani. Ni kweli. Ofisi ya mpwa wangu ikiungana, haiwezi kubeba kila neno lililotamkwa na kila wakili wa kila nchi. Lakini hoja hii inahusu ahadi zisizojulikana. Ahadi ya seremala nilijulishwa, na shahidi alikuwapo hatua thelathini kutoka ofisini kwangu. Ushirika wa wale wakulima nao unajulikana. Umo katika jalada lenye miaka kumi na minane.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kuungana huleta faida ya kweli. Nchi zetu zinapoketi na makampuni makubwa kuandikiana mikataba ya madini au gesi, upande wa pili wa meza huja na mawakili ishirini, na sisi tumekwenda na watatu, na mmoja ana malaria. Ofisi kubwa yenye vijana wetu ndani yake ingeweza kusawazisha mambo. Mpwa wangu mwenyewe angejifunza mambo ambayo ofisi ya watu wanne haitamfundisha kamwe. Sitaki kuwa mzee anayelilia taipureta. Iwapo wakulima wale watapata wakili mwingine mwema, na yeye akaenda kuwafaa watu wengi zaidi, nani amedhurika?

Hapa nilikwama kwa muda mrefu. Hesabu ya namna hiyo, ya wengi dhidi ya wachache, nimeifundisha, na inapendeza ubaoni. Kilichonikwamua ni kuona kwamba wakulima hawakuwahi kuingizwa katika hesabu hiyo kama watu wa kuulizwa. Wamekuwa kitu cha kuondolewa ili mlango ufungike vizuri. Varian aliulizwa, angalau, ndiyo maana aliweza kukataa. Seremala wangu sikumwuliza chochote, nilimwarifu. Labda angekubali mwaka mmoja badala ya mitatu. Labda angesema, nipe chumba kile cha nyuma ya karakana. Sijui, kwa sababu niliogopa kwamba nikiuliza nitajibiwa.

Tena hizi nyumba zinazokua kwa haraka hazidumu daima. Mwaka 2007 nyumba mbili za kale za New York ziliungana zikaitwa Dewey & LeBoeuf, zaidi ya mawakili elfu moja. Ili kuwavuta na kuwabakiza mawakili wenye majina, waliwaahidi wengi wao mapato ya uhakika kwa miaka, yawepo yasiwepo. Ahadi zikazidi mfuko. Mawakili wakaanza kuondoka mmoja mmoja na wateja wao, na mwezi Mei 2012 nyumba ikafilisika, muungano haujatimiza miaka mitano. Hiyo ndiyo aina ya ahadi iliyokuwa inarithiwa na kulindwa hapo: ya wenye nguvu ya kuondoka. Asiyeweza kuondoka, au ambaye akiondoka hapana atakayeona, ahadi yake ndiyo huonekana kuwa ya chuo kile.

Mwezi wa nane nilimpigia simu mpwa wangu nikamweleza habari ya vitanda, yote, pamoja na hotuba ya Ijumaa. Hakuwa anaijua, marehemu mama yake alikuwa anaijua, maana nilimwambia, naye alininunia wiki nzima. Kwenye simu palikuwa kimya hata nikadhani salio limekwisha.

"Mjomba, ulimtafuta baadaye?"

Nilimwambia ndiyo, baada ya kustaafu. Nilikwenda mtaani alikopanga. Walisema alikwisha kurudi kwao, na kwao ni wapi kila mmoja alinitajia wilaya yake.

Mpwa wangu hakuniambia atafanya nini, nami sikumwuliza. Mwezi wa kumi aliniletea nakala ya barua ambayo wabia wote wanne wameitia sahihi, wakiuandikia uongozi wa ushirika: kwamba wamealikwa kuungana na ofisi inayomtumikia mpinzani wao, kwamba hawajakubali, na kwamba wanaomba kuja kijijini kukutana na mkutano mkuu wa wanachama kabla ya kujibu. Ofisi kubwa wamekasirika, anasema, na huenda wakajitoa. Mkutano umepangwa baada ya mavuno. Ameniomba nimsindikize, na nimekubali, ingawa barabara ya huko wakati wa mvua si ya mtu wa umri wangu.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza yule seremala aliitwa nani. Jina la kwanza nilimpa mara moja. Jina la baba yake nilikaa siku nne nikilitafuta, nikalipata katika daftari la zamani, kwenye ukurasa niliohesabu vitanda.